KIFUTU: AUAWE AU AACHWE?

Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika nchi inayoteremka kwenda Ziwa Rukwa. Zamani nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Chunya, na tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Watu wake hulima mahindi na ufuta, hufuga ng'ombe, na wengine huchimba dhahabu. Wote hao, mkulima, mchungaji na mchimbaji, hupita kila siku katika mawe na majani makavu. Na humo ndimo akaamo kifutu.

Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ni nyoka mnene na mfupi. Kwa kawaida urefu wake ni kama mita moja. Kichwa chake ni kipana, shingo yake ni nyembamba, na mgongoni ana michoro iliyo kama herufi V, ya rangi nyeusi, kahawia na manjano. Rangi hizo zafanana mno na udongo na majani makavu, hata mtu aweza kusimama karibu naye asimwone.

Nyoka wengi wakisikia mtikiso wa miguu ardhini hukimbia. Kifutu sivyo. Yeye huitegemea rangi yake, akatulia kimya mpaka hatari ipite. Ndiyo sababu watu humkanyaga, na hasa usiku, maana wakati huo hutoka kuwinda, na mara nyingi hulala njiani. Basi si kweli kwamba mwenye kutembea kwa kishindo amesalimika na kila nyoka.

Huko Amerika wako nyoka wenye njuga mkiani. Wakikaribiwa huzitikisa ili kuonya. Kifutu hana njuga, lakini anayo sauti. Huvuta pumzi mpaka mwili ukavimba, kisha huitoa kwa nguvu kama mvukuto wa mhunzi. Sauti hiyo si vita, ni onyo. Ni kama kusema, "Nipo hapa, usinikaribie."

Mathalani, kijana na mjomba wake wanakwenda shambani. Kijana asikia sauti hiyo, asimama, na mara amwona kifutu chini ya kichaka, hatua tano mbele yao. Ainua jembe na kusema, "Mjomba, nimpige kabla hajatoroka?"

Mjomba ajibu, "La, mwanangu. Hatoroki, wala hatatufuata. Rudi nyuma polepole."

Kijana auliza tena, "Na mama je, akipita hapa jioni akamkanyaga?"

Swali hilo ni la haki, wala halifai kudharauliwa. Yafaa lipimwe pande zote mbili.

Kwanza, aliye mbali hatua tano yuko salama. Lakini mwenye kutaka kupiga kwa jembe hana budi kusogea, na kifutu huuma kwa kasi ipitayo kasi ya mkono wa mtu. Wapo wengi walioumwa si kwa sababu nyoka aliwajia, bali kwa sababu wao walimwendea. Hata kichwa kilichokatwa chaweza kuuma, basi nyoka aliyekufa naye asichezewe.

Pili, kumwua mmoja hakuwamalizi. Kifutu jike huzaa watoto walio hai, na mara nyingi huwa kati ya 20 na 40. Jike mmoja aliyetoka Kenya, akafugwa katika bustani ya wanyama huko Ucheki, alizaa watoto 156 kwa mara moja.

Tatu, chakula chake kikubwa ni panya. Panya hula mahindi ghalani, tena viroboto wao huweza kuleta tauni, ugonjwa uliowasumbua watu wa Lushoto kwa miaka mingi tangu mwaka 1980. Kifutu aliye porini hufanya kazi asiyolipwa na mtu.

Kwa hiyo mjomba alisema kweli. Lakini jibu la "mwache" halijatimia bado, maana mama atapita jioni. Inawapasa kumwonya, na kuwaonya majirani pia. Inafaa majani ya kando ya njia yafyekwe, watu wavae viatu, na atembeaye usiku achukue taa. Asitie mtu mkono shimoni wala chini ya gogo asilolitazama. Amwachaye nyoka bila kuwaonya wenzake amejiokoa nafsi yake tu.

Nyumbani na katika uwanja wa shule mambo ni mengine. Hapo kifutu hawezi kuachwa, kwa kuwa watoto wadogo hawajui hatari. Hata hivyo si kazi ya mwanafunzi. Mmoja amtazame kwa mbali asije akapotea, mwingine akamwite mtu mzima aijuaye kazi hiyo. Watu wazima wakiona hapana njia ila kumwua, hawana lawama.

Katika Tanganyika alikuwako Mwingereza jina lake Constantine Ionides, aliyekaa Liwale na Newala, akafa mwaka 1968. Huyo alikamata maelfu ya nyoka wakiwa hai. Alikuwa fundi kweli, hata hivyo aliumwa mara kadhaa. Ikiwa fundi aliumwa, itakuwaje kwa mtoto mwenye fimbo?

Mtu akiumwa na kifutu, mahali palipoumwa huvimba sana na kuuma, na nyama huweza kuoza. Asikatwe kwa wembe, jeraha lisifyonzwe, wala asifungwe kamba ya kubana. Jiwe jeusi ambalo wengi hulitumaini haliondoi sumu. Avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe kuzidi, atulizwe, kiungo kisitikiswe, naye achukuliwe upesi hospitali penye dawa ya kushinda sumu ya nyoka. Asiende kwa miguu ikiwa yawezekana kumbeba.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 Shirika hilo liliitia sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, maana wengi wa wafao ni wakulima na watoto wa vijijini, walio mbali na hospitali.

Wazee husema, "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Mwenye busara hangoji kuumwa. Huutazama unyasi tangu mwanzo, akisikia pumzi ya kifutu husimama, hurudi nyuma, kisha huenda kuwaambia wenzake.

MASWALI

1. Kwa nini kishindo cha miguu hakitoshi kumwepusha mtu na kifutu?
2. Kifutu huonyaje, naye hana njuga?
3. Toa sababu tatu za kumwacha kifutu aliye porini.
4. Mjomba na kijana walipaswa kufanya nini kwa ajili ya mama?
5. Taja mambo matatu asiyofaa kufanyiwa mtu aliyeumwa na nyoka.