GARI YA KIKUNDI INAPOKULA MAFUTA: TUIJUE SENSA YA HEWA



Vikundi vingi siku hizi vinachanga na kununua gari, ya kubebea maziwa ama mboga, na mara nyingi ni Probox ya mtumba kutoka Japani. Mwanzoni faida inaonekana. Halafu pole pole petroli inaanza kumeza pesa, na watu wanaanza kumwangalia dereva kwa jicho baya.

Tuliona hayo kwa kikundi kimoja cha akina mama hapa Olympic, Kibera. Probox yao ilikuwa ikitoa mboga Marikiti alfajiri na kuzigawa hapa na Kawangware. Ikaanza kukosa nguvu mlimani, ikawa inazimika kwenye foleni, na mafuta ya siku nzima yanaisha saa nane. Dereva akaitwa mwizi. Hata sisi, tuseme ukweli, tulimshuku. Akaacha kazi. Makanika mmoja akasema injini imekufa, waleteni pesa za injini nyingine, na mweka hazina alikuwa tayari kwenda benki kutoa akiba yote.

Bahati nzuri fundi wa pili aliipima kwanza kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikatoa namba P0101, maana yake kipimo cha hewa hakilingani na kazi ya injini. Akafungua kichungi cha hewa. Karatasi yake ilikuwa imepasuka, kwa sababu vijana waliipuliza kwa pampu ya kujazia magurudumu, na vumbi lote la Kibera lilipita hapo.

Gari za kabureta hazikuwa na mambo haya. Gari za siku hizi, kompyuta ndiyo inapima chakula cha injini: kilo moja ya petroli inataka hewa kama kilo 14.7. Sensa ya hewa imekaa kwenye njia ya hewa, baada tu ya kichungi. Ndani yake mna waya mwembamba sana unaotiwa joto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaongezwa ili joto lisishuke. Kompyuta inasoma umeme huo, inajua hewa ni kiasi gani. Waya ukifunikwa na vumbi au mafuta, ni kama kupima unga kwa mizani mbovu. Mara petroli ni kidogo mno, mara nyingine inamwagika bure.

Kabla ya kulaumu sensa, angalieni kichungi, na pia ule mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye injini. Ukiwa na ufa baada ya sensa, hewa inaingia bila kupimwa, na dalili ni zile zile.

Kuisafisha si kazi ngumu. Zimeni injini, ipoe. Chomoeni plagi ya waya kwa kubonyeza kishikio chake, msivute waya wenyewe. Fungueni skrubu mbili, mtoe sensa taratibu. Pulizeni dawa ya kopo iliyotengenezwa kwa sensa hii tu, mbali na jiko la makaa maana inashika moto. Msiguse ule waya kwa kidole, pamba wala mswaki, unakatika upesi. Petroli na dawa ya kabureta zinaweza kuuharibu. Acheni ikauke yenyewe kabisa, rudisheni, na muweke kichungi kipya, la sivyo mtarudi hapo hapo.

Ikikataa bado, na fundi amepima nyaya pia, basi nunueni nyingine. Nendeni Kirinyaga Road, ile wengi bado wanaiita Grogan, mkibeba sensa ya zamani mkononi. Namba zilizoandikwa juu yake zilingane zote. Kufanana kwa macho hakutoshi. Ombeni risiti. Wakati wa kuifunga, hakikisheni kile kipete cha mpira kiko mahali pake, msikaze skrubu kupita kiasi, kisha fundi afute ile namba ya kosa kwenye kompyuta.

Akina mama wa Olympic hawakununua sensa wala injini. Kopo moja na kichungi vilitosha. Tulimfuata dereva Kawangware kumwomba radhi. Alirudi baada ya wiki mbili, kwa sharti moja: kila jioni kilomita na lita ziandikwe kitabuni, na mweka hazina atie sahihi.

Mjadiliane: gari yenu ilifunguliwa kichungi mara ya mwisho lini, na nani aliandika?