Tangi la Siklidi: Nani Aishi na Nani?

Samaki anayeonewa utamjua kabla hujaona jeraha. Hujibanza kwenye pembe ya juu ya tangi, nyuma ya hita, mapezi kayafumba na mkia umechanikachanika. Chakula kikimwagwa hashuki. Chini yake dume mmoja wa buluu anazunguka jiwe lake kama askari wa zamu. Siku mbili tatu baadaye yule wa pembeni anaelea, na mwenye tangi analaumu maji au muuzaji. Mara nyingi kosa lilifanyika dukani: samaki walichaguliwa kwa rangi.

Siklidi ni jamaa ya tilapia tunayemla. Wale wa mapambo wanaoitwa siklidi wa Afrika hutoka hasa katika maziwa matatu: Malawi (Watanzania huliita Nyasa), Tanganyika na Victoria. Kabla ya kuuliza nani aishi na nani, mkazi wa Kitale au Bungoma ajiulize ana maji gani. Maji ya Malawi ni magumu, yenye madini, na pH yake ni kati ya 7.7 na 8.6, ya Tanganyika hukaribia 9. Maji ya mvua tunayokinga kwenye mabati ni laini mno. Hayo yangemfaa samaki wa Amazon kuliko hawa.

Tiba ya maji laini ni kuweka mawe ya chokaa ndani ya tangi. Yapo Ortum, Pokot Magharibi, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar. Ukiokota jiwe popote, lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa. Mawe meusi ya volkano kutoka Mlima Elgon ni maficho mazuri, ila hayabadilishi maji. Maji ya mfereji nayo yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza, au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Kisha kuna baridi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27 usiku na mchana. Bungoma ni chini kidogo na kuna joto zaidi, lakini hita ni lazima huko pia. Kadiria wati moja kwa kila lita, na ni heri hita mbili ndogo kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikiharibika nyingine inabaki. Stima zikipotea, funga tangi kwa blanketi na usiwalishe mpaka zirudi.

Sasa wenzi. Wanaopatikana kwa urahisi zaidi ni mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Malawi. Ni wakorofi, na ukorofi wao una mpango: dume hushika jiwe na kumfukuza kila anayefanana naye. Kwa hiyo madume wawili wa rangi moja ni vita, hata kama ni wa aina tofauti. Kwa kila dume weka majike watatu au zaidi. Lingine litakushangaza: mbuna wachache hupigana zaidi kuliko wengi. Wakiwa wanne, mnyonge ni mmoja na anapigwa kutwa. Wakiwa kumi na watano, kipigo kinagawanyika. Ila wengi hao wanataka tangi la futi nne, la lita 240 hivi, yaani mitungi 12 ya lita 20, pamoja na filta yenye nguvu na kubadilisha theluthi ya maji kila wiki. Maji hayo peke yake ni kilo 240 kabla ya mawe, kwa hiyo mwambie fundi wa jua kali akuchomelee meza ya chuma. Kabati la sebuleni halitahimili.

Kwa anayeanza, chaguo langu ni yule wa manjano mwenye pezi jeusi mgongoni, Labidochromis caeruleus. Ndiye mpole kuliko mbuna wenzake. Yule wa mistari, Melanochromis auratus, anavutia akiwa mdogo. Akikomaa ataliteka tangi zima. Mwache dukani.

Tumbo nalo linaamua ujirani. Mbuna wengi hula mwani unaoota kwenye miamba, na utumbo wao ni mrefu kama wa mla majani. Wape chakula chenye spirulina, na terere au spinachi iliyochovywa kwenye maji moto. Ukiwapa nyama ya ng'ombe au unga wa omena kila siku, watavimba tumbo na kufa. Ndiyo maana si vizuri kuwaweka na tausi, wale Aulonocara wanaong'aa, ambao huwinda wadudu mchangani na ni wapole. Atakayeshiba chakula cha mwenzake ataugua, na juu ya hayo tausi atapigwa.

Mwenye tangi la futi mbili asahau mbuna. Aulizie Neolamprologus multifasciatus wa Tanganyika, samaki asiyefika sentimita 5 ambaye huishi ndani ya gamba la konokono. Mwekee mchanga na magamba matupu zaidi ya idadi ya samaki, umwache peke yake na jamaa zake. Atachimba na kupanga nyumba mbele ya macho yako, na kwangu mimi hakuna samaki wa kutazama jioni kama yeye.

Asiye siklidi anayeelewana nao ni gogogo, wa jamii ya Synodontis: ana miiba, ana ngozi ngumu na hutembea usiku wengine wakilala. Chagua wale wadogo wa Tanganyika, kwa sababu wa Victoria wengine hupita sentimita 30. Samaki wa dhahabu anataka maji ya baridi, gapi ataliwa, oska ni wa Amerika Kusini. Kifaranga cha tilapia au kambare kutoka bwawa la jirani ni bure, lakini tilapia atakua hadi kujaza tangi, na kambare atawameza wenzake usiku.

Samaki mpya mtenge wiki mbili au tatu. Siku ya kumwingiza, hamisha mawe yote kwanza, zima taa, ndipo umwachilie. Wenyeji wakiwa wanatafuta mipaka upya, mgeni hupata pa kujificha.

Na ukishindwa na samaki wako, mpe mwenzako au mrudishie muuzaji. Usimmwage kwenye mto Kuywa wala Nzoia. Maji hayo huishia Victoria, ziwa ambalo mbuta, aliyeingizwa na binadamu katika miaka ya 1950, alichangia kuangamiza siklidi wa asili wa aina nyingi. Baadhi ya waliosalia wamejificha Ziwa Kanyaboli, kule Siaya.