SOMO LA MWEZI: Saa Sita Kamili katika Mji wa Hadleyville



Vijana wetu huuliza mara kwa mara kama yafaa Mkristo kutazama picha za kauboi, za polisi na za kareti. Swali hilo si geni. Hata sisi wazee tuliulizwa na wazazi wetu tuliporudi nyumbani usiku kutoka sinema. Jibu letu ni kwamba kwanza tujifunze namna ya kutazama. Chuoni tulikuwa tukiwaambia walimu wanafunzi kwamba hadithi yoyote huchambuliwa kwa mambo matatu: mandhari, wahusika na dhamira. Sinema nayo ni hadithi, hivyo mizani ni ile ile.

Tuchukue mfano wa picha moja ya kauboi, "High Noon", yaani Saa Sita Kamili Mchana. Ilitoka Marekani mwaka 1952, ikaongozwa na Fred Zinnemann. Stelingi wake, Gary Cooper, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Hadithi yenyewe ni fupi. Will Kane ni mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Hadleyville. Asubuhi ya Jumapili anafunga ndoa na Amy, anaacha kazi, na maarusi wanajiandaa kuondoka. Mara inaletwa habari kwamba Frank Miller, mwuaji ambaye Kane alimkamata miaka mitano nyuma, ameachiliwa na anakuja kwa treni ya saa sita. Wenzake watatu wanamngoja stesheni. Kane anaondoka na mkewe, kisha anageuza farasi na kurudi. Anatafuta watu wa kumsaidia.

Mandhari

Katika picha nyingi za kauboi twaona mbuga pana, milima na farasi wakienda mbio. Hapa mwongozaji ametubana ndani ya mji mmoja. Twaona barabara ya vumbi isiyo na watu, reli iliyonyooka mpaka upeo wa macho, na saa za ukutani. Picha huchukua dakika 85 hivi, na mambo yanayosimuliwa huchukua karibu muda huo huo. Kila Kane anapobisha mlango, mshale wa saa umesogea. Mandhari yenyewe inasema kwamba muda wa kuamua una mwisho.

Wahusika

Watazamaji wengi humwangalia stelingi na adui tu. Tuwaangalie na wale wa katikati. Hakimu aliyemhukumu Miller anafungasha bendera na mizani yake ya haki, akapanda farasi. Naibu wa Kane ana kinyongo kwa kuwa hakupewa cheo. Rafiki mmoja anamtuma mkewe mlangoni aseme kwamba mume hayupo. Mwingine alikuwa tayari kusaidia, lakini alipoona yuko peke yake akakumbuka ana mke na watoto. Mvulana wa miaka 14 anajitolea, naye Kane anamrudisha nyumbani.

Amy ni mfuasi wa Kanisa la Marafiki, lile lenye waumini wengi magharibi mwa Kenya, ambalo hukataa silaha. Baba yake na kaka yake waliuawa kwa bunduki, kwa hiyo imani yake ameilipia. Mwisho ndiye anayeshuka katika treni na kurudi kwa mumewe. Anampiga risasi mmoja wa maadui, na mzigo huo ataondoka nao.

Dhamira

Tumefika penye kiini cha somo, nacho kiko kanisani. Kane anaingia wakati wa ibada, mchungaji akisoma Malaki sura ya 4, na anaomba msaada. Wanaume kadhaa wanainuka mara moja. Kisha mmoja anasema ngojeni, je, huu si ugomvi wa watu wawili? Watoto wanatolewa nje, majadiliano yanaanza. Mchungaji anaulizwa, naye anakiri hajui la kusema, kwani amri inakataza kuua. Mzee mmoja mwenye heshima anamsifu Kane sana, halafu anaeleza kwamba damu ikimwagika mjini, matajiri wa kaskazini hawataleta fedha zao. Heri Kane aondoke. Kane anashukuru, anatoka peke yake.

Hapa hakuna aliyetukana wala aliyemtetea Miller. Wote wamesema kwa adabu, na wote wameketi. Mwandishi wa hadithi, Carl Foreman, aliyajua mambo hayo. Mwaka 1951 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akakataa kuwataja wenzake. Baadaye alihamia Uingereza.

Hatusemi kwamba bunduki ndiyo jibu. Shida ya yule mchungaji ni ya kweli. Lakini Kane mwenyewe alimwambia mkewe kwamba wakipatikana watu wa kutosha, huenda pasitokee ghasia yoyote. Kati ya kuua na kuketi palikuwa na nafasi ya kusimama.

Tulipoitazama picha hii ujanani tulikumbuka risasi tu. Tuliikumbuka tena uzeeni, kwa sababu moja. Mjane mmoja alitolewa vyombo nje na shemeji zake kabla ya arobaini ya mumewe kwisha. Alitujia sisi wazee wa kanisa. Tulimkaribisha chai, tukamsifu marehemu. Mmoja wetu alisema hilo ni jambo la ukoo. Mwingine alikumbusha kwamba shemeji hao ni wachangiaji wakubwa wa ujenzi. Sisi tunaoandika haya hatukusema neno. Tulifunga kwa sala, tukatawanyika, na yule mama akarudi kwao na watoto wake.

Mwisho wa picha adui wamekufa, na watu wa Hadleyville wanatoka majumbani. Kane anawatazama, anavua nyota ya kazi yake, anaitupa mavumbini na kuondoka bila neno. Msomaji, usiulize kwanza kama picha ina bunduki. Uliza wewe umeketi wapi ndani yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Someni Luka 10:25–37. Kuhani na Mlawi wanafanana na nani katika Hadleyville?
2. Mngekuwa washauri wa yule mchungaji, mngemwambia aseme nini?
3. Chagueni picha moja mliyoitazama karibuni. Elezeni mandhari, wahusika wa katikati na dhamira yake.
4. Katika mtaa wenu, ni nani anayebisha mlango sasa?