SOMO LA WAFANYAKAZI: UCHAGUZI WA KIJIJI UNATUHUSU

Ndugu wafanyakazi wa Kasese na Bwera,

Katika mikutano ya matawi tumesikia wenzetu wakisema: "Mimi kura yangu ni ya Rais na Mbunge. Ile ya kijiji ni mchezo wa wazee." Usemi huo hutuumiza sisi wenyewe. Tuutazame pamoja.

1. Historia yetu inafundisha nini?

Kabla ya Uhuru, Wakonzo na Wabwamba walikuwa chini ya serikali ya Toro. Walikuwa na wajumbe barazani, lakini wachache, na madai yao hayakukubaliwa. Mwaka 1962 wajumbe hao, akiwamo Isaya Mukirane, walitoka barazani. Viongozi wakakamatwa, na harakati ya Rwenzururu ikageuka kuwa vita vya milimani. Wilaya yetu ilitengwa na Toro mwaka 1974, lakini mapatano ya kuweka silaha chini yalifikiwa Agosti 1982 tu. Ni miaka 20. Baraza la karibu likiziba masikio, watu hutafuta njia nyingine, na gharama yake hulipwa na maskini.

2. Baraza la kijiji lina kazi gani?

Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa baraza la kijiji. Mwenyekiti wa LC1 ndiye anayeandika barua ya kukutambulisha benki, polisi au unapotafuta kitambulisho. Kamati yake ni mahakama ya kwanza ya madeni madogo na ugomvi wa majirani, kwa sheria ya mwaka 2006.

Tena kuna fedha. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inasema kwamba gombolola la vijijini libaki na asilimia 65 ya mapato linayokusanya. Katika sehemu hiyo, asilimia 25 ni ya vijiji. Ushuru unaolipwa sokoni umo humo. Nani atauliza fedha zimekwenda wapi, kama si wewe uliyemchagua mwenyekiti?

3. Kura ikikosekana inakuwaje?

Wenyeviti wa vijiji walichaguliwa mwaka 2001. Baada ya hapo Uganda ilirudi katika vyama vingi, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba kamati zilizochaguliwa kwa utaratibu wa zamani si halali. Hata hivyo wenyeviti waliendelea kukaa, na uchaguzi ulifanyika tarehe 10 Julai 2018. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2001 alikuwa karibu mtu mzima! Muda wa waliochaguliwa 2018 ulipokwisha Julai 2023, uchaguzi haukufanyika, muda uliongezwa.

Katika chama chetu, katibu wa tawi akikaa miaka 17 bila uchaguzi, tungesema ameiba kiti. Kijijini tulinyamaza. Mtu akizoea kuongozwa bila kuulizwa pale nyumbani, hata kiti kikubwa kikichukuliwa hatashangaa.

4. Shida ya mstari

Mwaka 2018 tulipiga kura kwa kusimama nyuma ya mgombea. Wengine husema njia hiyo ni rahisi na haina wizi. Jirani zetu wa Kenya waliijaribu mwaka 1988 katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wakaiita mlolongo. Mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu, na hapakuwa na karatasi ya kuhesabu tena. Njia hiyo iliachwa.

Kwa mfanyakazi kuna hofu zaidi. Mnyapara wako yuko mstari ule, na mwenye nyumba unayopanga yuko pale pale. Ukisimama mstari mwingine, wote wanakuona. Ndiyo sababu tunadai kura ya siri kijijini, kama ilivyo kwa gombolola na wilaya.

5. Tufanye nini?

Kwanza, jiandikishe katika daftari la kijiji unakoishi. Usiseme "mimi ni mpita njia" na huku umelala kambini miaka kumi.

Pili, twende kwa pamoja. Mtu mmoja mstarini hutishwa, hamsini hawatishwi.

Tatu, tuhesabu mistari wenyewe, tuandike idadi, na mashahidi watie sahihi.

Nne, baada ya uchaguzi tuhudhurie mikutano na kuuliza hesabu.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Ni wangapi kati yetu walioandikwa katika daftari la kijiji?
(b) Je, mwenyekiti wetu alisoma hesabu hadharani mara ya mwisho lini?
(c) Tawi litamlinda vipi mwanachama anayetishwa kwa sababu ya mstari aliosimama?

Majibu yaandikwe, yaletwe katika mkutano ujao. Umoja ni nguvu.