Wanafunzi wa Fani Mbalimbali Wanapofundishana: Mfano wa Zebaki Kandokando ya Ziwa Viktoria

Chato ni mji ulio kando ya Ziwa Viktoria, upande wa kusini-magharibi, na tangu mwaka 2012 umo katika Mkoa wa Geita. Mvuvi wa huko akitaja "mwalo" hukusudia mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha sangara, sato na dagaa. Mchimbaji mdogo wa dhahabu akitaja "mwalo" hukusudia mahali pa kuoshea mchanga wa mawe yaliyosagwa. Neno ni moja, mahali ni pawili.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili wamepanga nyumba moja Chato: wa kwanza wa jiolojia, wa pili wa elimu ya samaki, wa tatu wa afya ya jamii. Wote wanapima zebaki, metali ya majimaji ambayo wachimbaji huitumia kunasa chembe za dhahabu. Kila mmoja anaye msimamizi wake chuoni, bingwa wa fani yake, na kila msimamizi atasoma maneno "tope la mwalo" na kuyaelewa kwa namna aliyoyazoea. Kosa hilo laweza kufika hadi kwenye tasnifu bila kugunduliwa. Atakayeligundua ni mwenzake wa chumba cha pili, kwa sababu yeye hajui na hivyo atauliza: mwalo upi?

Huo ndio msingi wa ulezi wa kitaaluma baina ya wanafunzi wa rika moja. Msimamizi humwongoza mwanafunzi ndani ya fani. Mwenzi wa fani nyingine humlazimisha aeleze yale ambayo ndani ya fani hayaelezwi kamwe, kwa kuwa hudhaniwa kuwa yanajulikana na wote.

Zebaki yenyewe haiheshimu mipaka ya fani. Mchimbaji huchoma donge la zebaki na dhahabu. Zebaki hugeuka mvuke, na sehemu yake hurudi ardhini. Hapo mwanajiolojia yumo kazini. Ikifika kwenye tope la mtoni au ziwani, bakteria waweza kuigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia katika viumbe vidogo, kisha samaki wadogo, kisha samaki walao samaki, na kila hatua kiasi chake katika mwili huongezeka. Hapo yapasa kumwuliza mwanafunzi wa samaki. Mla samaki huipata mezani, ilhali mchomaji huipata kwa kuvuta mvuke: sumu mbili zenye jina moja, ambazo tabibu hazichukulii kuwa sawa.

Hatari ya kusoma kipimo kwa jicho moja ilionekana katika eneo hilihili. Mwaka 1996 J. R. Ikingura, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na H. Akagi wa taasisi ya Japani inayochunguza ugonjwa wa Minamata, walitangaza vipimo vya zebaki katika samaki na nywele za watu wa ukanda wa dhahabu wa Ziwa Viktoria. Mwaka 1999 ukafuata uchunguzi wa tabibu Masazumi Harada na wenzake juu ya nywele za wachimbaji 150, wavuvi na jamaa zao 103, na wakazi 19 wa Mwanza. Wengi wao walikuwa na kiasi kidogo. Wachache walikuwa na kiasi kikubwa mno. Mkemia peke yake angeweza kulaumu machimbo, na mwanafunzi wa samaki angelaumu sangara. Kumbe lililoshukiwa zaidi lilikuwa sabuni ya kung'arisha ngozi iliyotiwa zebaki! Mashine ya maabara haikuweza kusema jambo hilo. Ilibidi mtu aulize watu huoga kwa nini.

Kuna wasimamizi wasioupenda utaratibu huu, nao wana hoja. Jioni tatu za kueleza maana ya "sampuli" ni jioni tatu zisizoandikwa tasnifu. Tena mwenzi mwenye kujiamini kupita kiasi aweza kupotosha kuliko kitabu kibovu. Kwa hiyo yafaa mipaka ijulikane tangu mwanzo: mwenzi huuliza na kudadisi, lakini uamuzi juu ya njia ya kupima hubaki kwa mwenye fani na msimamizi wake. Kadhalika waafikiane mapema nani ataandika nini na jina la nani litatangulia. Urafiki mwingi wa watafiti umevunjikia hapo. Lakini gharama hizo ni ndogo mbele ya kijiji kizima kuambiwa kiache samaki wake, chakula na riziki, kwa kosa la sabuni.

Zoezi la darasa. Wanafunzi wagawanywe watatu watatu: mmoja wa kemia, mmoja wa biolojia, mmoja wa jiografia. Wapewe habari hii: nywele za mama asiyechimba dhahabu na asiyekula samaki zina zebaki nyingi, na zebaki ya methili ni sehemu ndogo tu ya jumla hiyo. Kila mmoja aandike maswali mawili ya kumwuliza mwenzake wa somo jingine, kabla ya yeyote kuruhusiwa kutoa jibu. Mwalimu akusanye maswali kwanza.