Kusahihisha Ngazi za Kijivu katika Printa ya Wino

Picha isiyo ya rangi ikichapwa kwa printa ya wino, mara nyingi uso wa mtu mweusi hutoka kama kivuli kitupu: mashavu, macho na nywele vimezama pamoja. Kwenye kioo cha kompyuta vyote vilionekana. Je, vimepotelea wapi?

Printa haina wino wa kila namna ya kijivu. Hunyunyiza matone madogo mno, na jicho huchanganya nukta hizo na weupe wa karatasi. Lakini tone likitua husambaa. Nukta zilizokusudiwa kufunika nusu ya eneo hufunika zaidi. Katika sehemu za giza huungana kabla ya wakati wake. Na kwa kuwa kila karatasi hunywa wino kwa kadiri yake, jedwali la masahihisho la karatasi moja halifai kwa nyingine.

Dawa yake ni kupima. Chapa ngazi 21, kuanzia asilimia 0 ya wino hadi 100. Ziache zikauke hadi kesho yake, kisha pima R, yaani sehemu ya mwanga inayorudishwa na kila ngazi. (Shule isiyo na spektrofotomita yaweza kutumia skana, pamoja na kipande cha ngazi za kijivu ambacho vipimo vyake vinajulikana.)

Hata hivyo, jicho halioni R moja kwa moja. Mwaka 1976 Kamisheni ya Kimataifa ya Mwangaza ilipitisha kipimo kinachokaribiana na jicho: L ni kipeuo cha tatu cha R mara 116, kutoa 16. R ikiwa 0.18, L hukaribia 50. Kumbe kitu kinachorudisha chini ya moja ya tano ya mwanga huonekana kijivu cha katikati!

Tuseme karatasi tupu ina L ya 96, na weusi wa mwisho 16. Tofauti ni 80. Basi kila ngazi yapasa kushuka kwa 4, na ngazi ya asilimia 50 iwe 56. Tukipima tukakuta 44, na 56 ikaonekana kwenye asilimia 35, jedwali litaiamuru printa: uombwapo 50, toa 35. Fanya vivyo hivyo kwa ngazi zote, uchape tena, upime tena.

Iwapo printa hutengeneza kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi, picha yaweza kuonekana ya kijani juani na ya waridi chini ya taa. Jedwali letu haliponyi ugonjwa huo. Hapo hutakiwa wino mweusi na wa kijivu pekee.