Uliwahi Kutibiwa Saratani ya Titi? Mwambie Daktari wa Huku

Mama mmoja niliyekuwa nikimsindikiza kliniki alilalamika kwa miezi kwamba akila vijiko vitatu tu, tumbo linajaa. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo, hazikusaidia. Aliyekuwa akimtafsiria ni kijana wake. Siku tulipompata mkalimani mwanamke ndipo aliposema: miaka 11 nyuma, kabla ya kuja Marekani, alikatwa titi kwa sababu ya saratani. Kwenye fomu alijibu hapana, kwa kuwa alijihesabu amepona. Na mbele ya mwanawe angetajaje titi?

Daktari alibadilisha vipimo. Ilikuwa saratani ileile ya titi, imerudi tumboni.

Wengi tunajua hurudi palepale kifuani au kwapani. Lakini chembe chache zinaweza kubaki mwilini zimelala, hasa za saratani inayokuzwa na homoni, zikaamka hata baada ya miaka 20. Mara nyingi huenda kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Iko aina inayoanzia kwenye tezi za maziwa, kama wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100, ambayo wakati mwingine huenda pasipotarajiwa: tumbo, utumbo, vifuko vya mayai. Hiyo haifanyi uvimbe kila mara. Chembe zake hujipanga mstari kama siafu, hivyo hata kamera ikiingizwa tumboni inaweza isione kitu mpaka daktari akate kinyama kidogo kikapimwe. Naye hatakitafuta asichoambiwa.

Hata ikionekana kwenye mfupa, bado ni saratani ya titi na hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi.

Sisemi kila mgongo unaouma ni saratani; mingi ni kazi zetu za kubeba maboksi. Ila maumivu ya mfupa yasiyotulia hata usiku, kikohozi, kupungua uzito au tumbo kujaa upesi, yakipita wiki mbili, piga simu kliniki. Miguu ikifa ganzi au kuishiwa nguvu ghafla, usingoje miadi: piga 911.

Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu lazima zikupe mkalimani bila malipo. Omba mwanamke ukitaka. Mtoto abaki nje. Beba karatasi za zamani na majina ya dawa ulizomeza, kama tamoksifeni. Kama karatasi zilipotelea njiani, mwonyeshe daktari kovu.